Bunduki ya Upepo ya Mama Tabita

Osea hakuwa na ng'ombe. Hakuwa na baiskeli, wala saa ya mkononi, wala koti la kuvaa kanisani. Hakuwa na baba wa kumsemea, maana baba yake alifariki yeye akiwa bado anachunga mbuzi. Hakuwa na shabaha: akimrushia jiwe mbuzi, jiwe linampata jirani. Hakuwa na maneno mengi pia, na kwa mtu anayechumbia, hilo ni upungufu mkubwa kuliko ng'ombe. Alichokuwa nacho ni kibarua katika gereji ya Bashiri, msafirishaji wa Tunduma, na mikono isiyoweza kukiona kitu kimefungwa bila kutaka kukifungua. Tena alikuwa na mimi. Mimi nilikuwa mshenga wake.

Binti tuliyemposa aliitwa Tabita, wa kijiji chetu cha Ruanda. Mwaka huo, 1975, tulikuwa tumekwisha kuhamia kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa kwa mistari kama madawati, lakini mashamba yetu ya ulezi yalibaki palepale kwenye miteremko. Mama yake Tabita, Enesi, alikuwa mjane. Posa yetu aliikubali bila ugumu. Alitia sharti moja tu.

"Mwanangu haondoki hapa kwa ulezi wa kuomba," aliniambia. "Togwa ya arusi itatoka shambani kwangu. Ulezi ukiingia ghalani, arusi. Usipoingia, tutasubiri mwaka mwingine."

Mwaka uliotangulia ndege waliula wote wakaacha mashuke matupu, nasi tukasubiri. Mwaka huo wa 1975 wakaja tena, kwelea, wakiinuka na kutua shambani kama moshi unaobadilisha nia. Wakati huohuo Boazi, karani wa kununua kahawa, mwenye baiskeli na saa vyote viwili, alianza kupita mara kwa mara nyumbani kwa Mika, baba mdogo wa Tabita, kumjulia hali. Mika hakuwa mgonjwa. Nilimwambia Osea wazi kwamba ndege wakila tena, asitegemee kuwa mwaka wa tatu atamkuta Tabita bado anamngoja.

Dawa ya ndege ilikuwepo, ila ilikuwa imekufa. Marehemu mume wa Enesi alikuwa mnyapara katika shamba la kahawa la mzungu mmoja, na mzungu huyo alipoondoka baada ya Uhuru alimwachia bunduki ya upepo. Ni ile ya kuvunja mtutu katikati: unauvuta chini, springi inabanwa ndani, unatia kirisasi kidogo kama punje ya mtama, unafyatua. Haiui mtu, lakini ndege wa miteremko ile waliijua. Sasa ilikuwa haikoki, springi haikai ikibanwa. Enesi alitoa neno kwa Tabita, Tabita akaniambia mimi, mimi nikapeleka Tunduma. Osea akaomba ruhusa kwa Bashiri, akapanda lori, akafika kwetu asubuhi na bisibisi, koleo na tupa vimefungwa katika gunia.

Asiyekulia kwetu ajue jambo moja. Kwetu, posa ikishapokewa, mkwe na mama mkwe hawasemezani. Hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Hivyo tulipoingia uani, Enesi aliingia jikoni kwake akavuta mlango nusu, na aliyetupokea akawa Mika, amekaa kwenye kigoda, bunduki juu ya magoti.

"Shikamoo, baba," alisema Osea.

"Marahaba. Ndiye huyu fundi? Mbona kucha nyeupe? Fundi gani wa gereji ana kucha nyeupe?"

"Nimenawa, baba."

"Unanawa kabla ya kazi! Mshenga, umetuletea bwana harusi au nesi?"

Osea alicheka kidogo, akaipokea bunduki, akauvunja mtutu. Ulishuka vizuri. Tukasikia springi ikijikunja ndani, ikilalamika. Akauvuta mpaka mwisho, pale ambapo panapaswa kusikika mlio mdogo, kla, wa kitu kukamatwa. Hapakuwa na mlio. Alipoulegeza tu mkono, mtutu ukataka kurudi juu kwa nguvu, akaurudisha taratibu kwa mikono miwili.

"Huvuti," alisema Mika. "Lete hapa. Hii inataka mtu aliyekula ugali."

Mika alikuwa na mabega ya kubeba magunia ya kahawa mawili mawili, na hakuna aliyeruhusiwa kulisahau hilo. Aliuvuta mtutu mpaka shingo ikamtoka mishipa. Kisha akauachia ili atazame kama umekamata. Haukuwa umekamata. Ulirudi juu kwa kishindo ukambana kidole gumba, naye akaruka kutoka kigodani akizunguka ua mzima.

"Imeniuma! Kaka yangu alikuwa anafuga nyoka ndani ya nyumba!"

Jikoni tulisikia mtu akikohoa, kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

Osea hakucheka. Alikuwa ameshaanza kuwaza, na akiwaza alikuwa anaongea polepole kama anayesoma maandishi ya mbali. "Springi ni nzima, baba, ingekuwa imekatika isingekuuma. Mtutu unashuka mpaka mwisho. Kwa hiyo pistoni inarudi nyuma vizuri. Ila nyuma kule kuna kulabu ndogo, inatakiwa iinuke iidake pistoni ikae, mpaka ufyatue. Kulabu haidaki."

"Kwa nini haidaki?"

"Itakuwa imelika. Jino limeisha. Nitaifungua nilichonge upya kwa tupa."

Nilimwona ameridhika na jibu lake haraka mno, lakini mimi bunduki siijui, nikanyamaza. Na hapo tukasikia kelele kutoka mteremkoni. Tabita alikuwa huko anapiga debe tangu alfajiri, na sasa sauti yake ilikuwa imekauka. Ndege walikuwa wameshuka upande wa pili wa shamba.

"Twende, mshenga," alisema Mika akinyonya kidole. "Sisi tusio na bunduki tuna midomo."

Tukaenda. Tulikimbia, tukapiga makelele, tukarusha madongo. Ndege waliinuka, wakatutazama, wakatua nyuma yetu. Tabita alikuwa amesimama juu ya dungu, jukwaa la kulindia ndege, kitambaa kimemlegea kichwani.

"Baba mshenga," aliniambia kwa sauti ya chura, "amefika wapi?"

"Anaifungua."

"Mwambie wakila upande huu wa chini, hakuna togwa. Mwambie hivyohivyo."

Nikarudi kuleta debe jingine na kumfikishia salamu hizo. Nilikuwa nimefika nyuma ya ghala la mahindi niliposikia mlio, paa!, kisha chungu kikilia.

Yaliyotokea ni haya. Osea alikuwa ameitoa bunduki kwenye ubao wake, akakiegemeza kichwa cha mtutu kwenye jiwe, akagonga pini ya kifuniko cha nyuma huku amekibana kwa gunia na kifua. Springi ya namna ile haitaki kubanwa nusunusu. Iliponyoka, ikapita ua, ikaingia mlango wa jikoni uliokuwa umevutwa nusu, ikapiga chungu cha maharage mafigani.

Mshenga wa kweli angejitokeza mara moja. Mimi nilichungulia.

Enesi alitoka akiwa ameishika springi kwa ncha ya kanga, uso ameugeuzia kilimani. Osea alipiga magoti palepale, uso ameugeuzia ukutani. Kati yao kulikuwa na kuku wa kahawia akiparua. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Wewe kuku," alisema Enesi, "muulize mwenye chuma hiki kama amekuja kutengeneza bunduki au kuniua."

Nilimwombea Osea maneno.

"Kuku," akasema hatimaye, "mwambie mama, shikamoo."

"Kuku, mwambie marahaba. Mwambie amenimwagia mchuzi."

"Mwambie nasikitika sana. Nitaleta maharage mengine."

"Mwambie maharage yapo, hayakwenda popote. Mchuzi ndio umezima moto."

Kuku aliona mdudu karibu na choo akaanza kuondoka.

"Kuku, rudi," alisema Osea kwa hofu ya kweli. "Hatujamaliza."

Niliuma kofia yangu. Enesi mabega yalimtikisika, lakini alijikaza. Akaiweka springi chini, akarudi nyuma hatua chache ili kijana aje kuichukua bila kukaribiana naye. Osea akaichukua, akarudi kwenye ukuta wake, akashika tupa. Niliona ncha ya tupa ikigusa kulabu. Kisha akasita. Fundi aliyemfundisha kazi kule Tunduma alikuwa na mazoea ya kumhoji dereva kabla ya kufungua boneti, na nadhani hilo ndilo lililomjia.

"Kuku, muulize mama: bunduki hii ilikoki mara ya mwisho lini?"

"Mwambie ni mavuno ya mwisho ya marehemu. Alipiga ndege jioni, akaifuta, akanikabidhi, akasema, Enesi, itunze."

"Na mama aliitunzaje?"

Hapo sauti ya Enesi ilibadilika. Alisimama wima kama anayesoma ushuhuda kanisani. "Kuku, mwambie hivi. Kila baada ya mavuno nimekamua mafuta ya mbarika kwa mikono yangu hii. Nimeipaka mti wake na chuma chake. Nimeyamimina katika kila tundu lake mpaka ikakataa kunywa. Kisha nimeiweka uchagani juu ya moto, pamoja na mipini ya majembe na vikapu vya mbegu, moshi uipite. Sijaruka mwaka hata mmoja. Atazame kama kuna fukusi aliyetoboa ule mti! Atazame kama kuna kutu!"

Hakukuwa na fukusi wala kutu. Hivyo ndivyo sisi tunavyotunza kila kitu cha thamani, na mipini yetu inakaa mpaka wajukuu. Mama yangu aliitunza hivyohivyo hata Biblia yake, bila mafuta.

Osea aliweka tupa chini. Akaingiza kidole katika bomba la bunduki, akakitoa kikiwa na kitu cheusi kinachovutika kama lami. Akaigeuza kulabu kwenye mwanga, akaikwangua kwa ukucha wake mweupe. Chini ya ile lami jino lilikuwa kali, jipya kabisa. Halikuwa limelika popote. Kulabu ilikuwa imegandishwa imelala, na kijispringi kilichokuwa chini yake, chembamba kama unywele, hakikuwa na nguvu ya kuinyanyua. Angelichonga jino lile, bunduki isingekoki tena maishani.

Nilimwona amejua. Nami pale nyuma ya ghala nikajua alichokijua. Yule mama alikuwa ametunza kitu cha mumewe kwa uaminifu wote, na utunzaji wake ndio uliokiua. Nani amwambie? Kijana asiye na ng'ombe, anayetaka binti, siku ya kwanza anaposema na mama mkwe ambaye haruhusiwi kusema naye? Mimi nilikuwa na maneno matamu ya kila aina tayari mdomoni. Nilikaribia kutoka.

"Kuku," alisema Osea, "mwambie mama... kuna vumbi kidogo."

Enesi alipojibu, kicheko chote kilikuwa kimeisha katika sauti yake.

"Kuku, mwambie kijana kwamba juu ya moto wangu vumbi halikai. Mwambie nimemsikia akikwangua, nikamsikia akinyamaza. Kama leo ananificha jambo la bunduki, akishamchukua mwanangu atanificha mangapi?"

Osea aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa ukuta. Nikajua kwamba arusi, hata ndege wasipoila, itaangukia hapa.

Kisha akasema yote kwa pumzi moja, na mimi niliyemjua tangu utoto sikuwahi kumsikia akisema mengi hivyo. "Kuku, mwambie mama nimedanganya, anisamehe. Si vumbi. Ni mafuta. Mbarika ikikaa kwenye moshi miaka inakuwa gundi. Nje imelinda, ni kweli, bila mama ungekuta kutu na unga wa mti. Lakini ndani imefunga. Mama ndiye aliyeiokoa na mama ndiye aliyeikwamisha, vyote viwili. Na ikipakwa tena hivyo itakwama tena. Na mimi nilikuwa nataka kuichonga kwa tupa, ningeiharibu kabisa."

Enesi aligeuka akaingia jikoni. Mlango ukavutwa wote.

Nilisema moyoni, basi. Nikaanza kutunga namna ya kumfariji Osea njiani kwenda barabarani, na namna ya kujifariji mwenyewe, maana hata mshenga ana heshima yake.

Mlango ukafunguliwa. Enesi alitoka na chupa ya mafuta ya taa na kipande cha kitambaa, akaviweka katikati ya ua karibu na kuku, akarudi nyuma.

"Kuku," alisema, na sauti ilikuwa imelainika, "mwambie mbarika ikinigandia mikononi huwa naitoa kwa hii. Labda hata chuma kina ngozi."

Kumbe dawa alikuwa nayo yeye. Osea aliosha kulabu, akaosha pini, akapitisha kitambaa katika bomba kwa kijiti, kikatoka cheusi, akapitisha tena. Kila kilichotoka alikipanga juu ya gunia. Enesi alikuwa amekaa kizingitini, mgongo kwake, akichambua maharage upya na kuuliza kwa njia ya kuku kila kipande kinafanya nini. Kuku mwenyewe alikuwa amelala kwenye kivuli. Hakuna aliyejali.

Ulipofika wakati wa kurudisha springi, ilihitajika mikono minne: mmoja akibane kifuniko, mwingine apitishe pini. Nikaona zamu yangu imefika. Nilitoka nyuma ya ghala nikipiga miluzi kama mtu anayetoka mbali.

"Umefika zamani," alisema Enesi, safari hii akinitazama usoni, maana mimi hakukatazwa kunitazama. "Kofia yako inaonekana hata kutoka jikoni. Kamsaidie."

Nilibana kwa kifua changu chote. Pini ikaingia. Osea akaifunga bunduki kwenye ubao wake, akafuta mikono, akauvunja mtutu, akavuta polepole.

Kla.

Ni mlio mdogo sana. Nimesikia kengele za kanisa na honi za malori ya Bashiri, na hakuna ulionifurahisha kama ule. Kizingitini Enesi aliacha kuchambua.

Osea, kwa furaha, akatia kirisasi akalenga pera juu ya mti. Akapata ndoo ya maji ya Mika. Mika alikuwa ndio kwanza anarudi kutoka shambani, akaiona ndoo yake ikitiririka.

"Sasa inakoki," alisema, "na sasa hakuna aliye salama! Mpokonyeni!"

Aliyempokonya ni Tabita, aliyekuja nyuma ya Mika. Marehemu baba yake alikuwa amemfundisha kupiga alipokuwa mdogo, jambo ambalo Osea hakulijua na ambalo lilimfanya amtazame kwa namna mpya kabisa. Binti alirudi shambani, akapanda dungu, akakoki, akapumua, akafyatua. Ndege mmoja akaanguka, na kundi zima likainuka kama blanketi linalokung'utwa, likavuka bonde, halikurudi mpaka jioni. Kesho yake walijaribu tena. Alikuwa huko. Hakuwa akiwaua wengi, aliwaua wa kutosha wenzao wapate habari. Osea alirudi Tunduma kwenye malori yake, na ulezi ukaanza kukomaa bila kuguswa.

Tulivuna Juni. Ghala la Enesi lilijaa mpaka tukaazima vilindo vya kuwekea nafaka kwa jirani. Boazi alipita kumjulia hali Mika mara moja zaidi, akamkuta Tabita uani anaifuta bunduki, akakumbuka kwamba ana kazi ofisini.

Kwa desturi, siku ya arusi huletwa na mshenga. Mama wa binti ananiambia mimi, mimi napeleka kwa kijana na maneno yake ya heshima, na kuku wa kula njiani. Basi nilivaa shati langu la kola nikaenda kwa Enesi kupokea siku. Nilimkuta mezani, ubao wa kisomo umeegemezwa ukutani, na Mika amesimama mbele yake amevimba kwa hasira.

"Mweleze wewe uliyesoma," Mika aliniambia. "Anataka kumwambia mkwe siku ya arusi mwenyewe!"

"Mila inakataza nini, shemeji?" Enesi alimwuliza kwa upole.

"Inakataza kusema naye! Kumtazama! Kula naye chungu kimoja!"

"Na kumwandikia?"

Mika akanitazama. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa darasa la jioni muda mrefu, nimesoma siasa, hesabu na historia, na nilitafuta kote. Wazee walikuwa wamefikiria njia, macho, chungu na kivuli. Juu ya kalamu hawakuwa wamesema lolote.

"Haikatazi," nilisema, na ilinichoma kidogo, maana safari yangu ya Tunduma ilikuwa imekwisha hapo hapo.

Enesi alikuwa ameanza kisomo mwaka uliotangulia, pamoja na akina mama wengine wa kijiji. Hakuwa amewahi kuandika barua. Aliandika akiwa ameuma ulimi, akifuta kwa kidole kilicholowa, na alipomaliza alinipa nimtazamie kama herufi zimekaa sawa. Zilikuwa kubwa, zimeinama upande mmoja kama watu wanaopanda mlima.

*Kwa Osea. Salamu. Ulezi umeingia. Arusi ni Jumamosi ya pili ya Agosti. Uje na watu wako. Ile siku hukunificha mpaka mwisho. Uje na grisi ya kopo ya kupaka bunduki, usinunue iliyooza. Mimi Enesi.*

"Nimekosea?" aliuliza.

"Hujakosea," nilimjibu.

"Nipe niipeleke mimi," nilijaribu. "Nina safari ya huko hata hivyo."

"Wewe utaisema yote kabla hujafika barabarani."

Gundi ya bahasha ilikuwa kavu, ikakataa kushika hata alipoilamba. Akachukua uji mzito wa ulezi kwenye ncha ya kidole, akaupaka ukingoni, akaukandamiza kwa kiganja na kuhesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akajifunga kanga ya pili na kutembea kwa miguu mpaka posta ya Vwawa, mimi na Mika tukimfuata nyuma kama mashahidi. Hapo alinunua stempu akaibandika mwenyewe. Akasimama mbele ya sanduku la barua, akaisoma anwani mara ya mwisho kwa sauti, silabi moja moja, mpaka waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakaanza kumsaidia. Alipofika "Tunduma" akaingiza mkono mpaka kiwiko kwenye tundu la sanduku, akaiachia.